Ngitili ya Mwalimu Mkuu

Enzi zetu, na wanaocheka naomba wanyamaze kwanza, maana hata sisi wa kidato cha tatu tuna enzi zetu na hatukuziazima kwa mtu. Enzi zetu, tulipokuwa darasa la nne, mtoto alikwenda shule na vitu vitatu: daftari, fagio na dumu la lita tano. Daftari ukilisahau, dunia inaendelea. Fagio ukilisahau, unachapwa mbili. Dumu ukilisahau, afadhali ungeugua. Watoto wa siku hizi wamewekewa bomba kabisa pale uani, wanafungua koki kwa kidole kimoja huku wakighani nyimbo za vijana wa Dar walizozisikia redioni, halafu wanarudi nyumbani wanasema wamechoka. Wamechoka nini, kidole?

Shule yetu ya msingi ilikuwa upande wa Magamba, huku Mpanda, na jina lake siliandiki, kwa sababu walimu wengine bado wapo na fimbo zao bado zina nguvu. Madarasa manne ya tofali, ofisi moja, kengele ya rimu ya lori ikining'inia kwenye mti, na mbele ya ofisi uwanja mweupe wa vumbi. Uwanja ule tuliupenda. Tulichezea rede pale, tukachora mistari ya kuruka, tukadaka vijiwe vya mdako mpaka kucha zikaisha. Asubuhi tuliufagia mistari mistari mpaka ukafanana na kichwa kilichosukwa. Kwetu sisi, uwanja msafi ni uwanja mtupu. Mama aliwahi kuniambia, "Majani yakifika mlangoni, ujue mwenye nyumba amekufa au ni mvivu, na nyoka anayapenda yote mawili."

Basi ndipo akaja Pangani.

Pangani lilikuwa jina tulilompa sisi Mwalimu Mkuu mpya, kwa sababu alitoka huko na hakuweza kumaliza sentensi bila kupataja. Kwetu Pangani watoto huamkia hivi. Kwetu Pangani wali hupikwa hivi. Alikuwa mwembamba, shati limenyooka muda wote, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu mno hata ulipokuwa unachapwa ulitamani aendelee kuongea. Alishuka kwenye treni ya Tabora mwanzoni mwa mwaka akiwa na sanduku moja, birika moja na gunia lililolowa. Waliosafiri naye walisema kila stesheni treni iliposimama, abiria wengine walikimbilia kununua karanga na kuku wa kuchemsha, yeye alikimbilia maji ya birika kwenda kulimwagia gunia. Watu wakadhani amebeba samaki. Mama mmoja alimwomba amuuzie.

Gunia lilikuwa limejaa majani.

Majani! Katika nchi ambayo ukiamka asubuhi unayapangua majani ili uone njia ya kwenda chooni, mtu mzima mwenye cheti cha ualimu amesafiri siku tatu na gunia la majani. Wazazi walicheka mpaka kilabuni wakaishiwa mate. Yeye hakujali. Alitusimamisha mstarini, akainua juu tawi moja lenye majani mapana mafupi na mizizi midogo kama sharubu, akasema, "Wanangu, hizi si nyasi za porini. Hizi ni nyasi za ufukweni. Hazisimami, hutambaa. Mkizipanda leo, wajukuu wenu watazikuta. Hapa mbele ya ofisi patakuwa zulia."

Hakuna aliyejua zulia ni nini. Tukapiga makofi.

Kila mtoto akapewa pingili mbili. Unatoboa shimo kwa kidole, unalaza pingili, unafukia kifundo, unaacha ncha moja nje ipumue, halafu unapima kiganja kimoja na kuanza shimo jingine. Mvua zilikuwa bado zinanyesha, kwa hiyo kupanda kulikuwa sherehe ya matope. Tabu ilikuja mvua zilipokatika. Kuanzia mwezi wa tano kila mtoto alibeba dumu moja kutoka mtoni asubuhi na moja jioni, na kila mtoto alikuwa na kipande chake, mraba wa hatua mbili kwa mbili uliowekewa kijiti chenye jina. Ukoka wa kienyeji ukijipenyeza, unang'oa. Ndago ikichomoza, unachimba mpaka uipate mbegu yake chini, kama mtu anayetafuta pete. Na kamba ya katani ilizungushwa pande zote, kwa sababu sheria ya kwanza ya zulia ilikuwa hii: hakuna kukanyaga. Tulinyang'anywa uwanja wetu wa rede ili tubebee maji kitu ambacho hata kukigusa kwa kisigino ni viboko. Nyie mnaolalamikia mitihani ya majaribio, hamjui uonevu.

Sasa niwaambie habari ya baba, maana bila baba hii ingekuwa hadithi ya bustani tu.

Baba ni Msukuma wa ng'ombe. Alihama kutoka kaskazini akiwa na fimbo, mke na mifugo, akafika Mpanda kwa sababu alisikia kuna majani. Shule hakuichukia, aliiona tu kama mvua ya mahali pengine: nzuri kwa wanaonyeshewa. Mwaka ule kaka yangu mkubwa alikwenda na kundi kubwa mbali, na ndama na ng'ombe mmoja mkongwe wakabaki na bibi kule Litapunga. Bibi macho yalikuwa yameanza kufifia. Akahitajika mtu wa kuwachunga ndama. Kwa baba hesabu ilikuwa rahisi: nina ndama, nina Kabula. Kabula ni mimi.

Akaja shuleni mwezi wa tano kunichukua. Hakuniambia. Nilimwona tu amesimama nje ya kamba, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake, anatazama watoto mia na kitu wakiinama kumwagia majani maji kwa vikopo. Nikaenda mbio. Alikuwa na sura ambayo sijawahi kumwona nayo. Alikuwa na heshima.

"Hii ni nini?" akaniuliza kwa Kisukuma.

Lazima mwelewe kitu kimoja. Kwetu sisi, mtu mwenye akili hutenga kipande cha majani wakati wa masika. Anakizungushia miiba au anaweka alama, na hakuna mnyama anayeingia wala mtu anayekata. Kinaitwa ngitili. Kinaachwa mpaka kiangazi kikaze kabisa, mpaka mbuga zimekuwa jivu, ndipo kinafunguliwa kwa ndama, kwa ng'ombe anayenyonyesha, kwa mgonjwa na mkongwe. Ndiyo benki yetu. Anayevunja ngitili ya mwenzake anaitwa mbele ya wazee. Sasa baba amekuja, anaona majani ya kijani, yamezungushiwa kamba, kiangazi kinaanza, hakuna anayekanyaga. Ungekuwa wewe ungedhani nini? Zulia?

Nilitazama fimbo yake. Nikatazama pembeni, nikaona ameshakuja na kikapu cha mama chenye gauni langu la pili na michembe, vile viazi vya kukausha, ya kula njiani. Nikaelewa yote. Litapunga, bibi, ndama, na mwisho wa kusoma.

"Ni ngitili ya shule," nikasema.

"Ya nani?"

"Ya ndama na wagonjwa. Itafunguliwa kiangazi kikikaza."

Baba alichuchumaa. Akapenyeza mkono chini ya kamba, akachuma jani moja, akalitafuna taratibu kama mtu anayeonja pombe ya jirani. Akatikisa kichwa. "Huyu mwalimu ana akili," akasema. "Nilidhani hapa wanafundisha kelele tu. Basi wewe baki. Mtu aliyemwagilia ngitili ana haki ndani yake." Akaondoka na kikapu chake. Michembe akaniachia.

Huo ndio uongo uliokuwa umebeba shule yangu yote, kama nzi aliyebeba tembo. Tangu siku ile baba akawa mzazi bora kuliko wote. Wazazi wengine waliuliza watoto wao wamepata ngapi kwenye hesabu. Mimi jioni niliulizwa, "Ngitili inaendeleaje?" Najibu inatambaa. "Mmeng'oa ndago?" Tumeng'oa. "Msiifungue mapema. Watu wana haraka." Ndama wakapelekewa mtoto wa shangazi awachunge kwa muda, "mpaka ngitili ifunguliwe tuone." Nilipata kiangazi kimoja cha kufikiria la kufanya, na kwa kuwa nilikuwa na miaka kumi na moja, nilikitumia chote kutokufikiria.

Mwezi wa saba majani yakaanza kuwa ya njano. Pangani akakosa usingizi. Alizunguka zulia lake mikono mgongoni kama mganga asiye na dawa. Siku moja mstarini akatangaza amepata ugonjwa. "Zimekulia ufukweni hizi," akasema, na naapa sauti ilimtetemeka. "Zimezoea upepo wa chumvi. Zina hamu ya bahari." Kwa hiyo kila Ijumaa kila mtoto alete chumvi, ncha ya kijiko, ikorogwe kwenye maji.

Tulimwamini. Mtu anayekuambia jani lina hamu ya kwao, utabishana naye vipi? Tukaanza kuiba chumvi majumbani. Ilikuwa chumvi ya mawe ile, inayopimwa kwa kikopo gengeni, na mama aliihesabu kwa macho. Mlenda wa Ijumaa Magamba nzima ukawa hauna ladha. Mama alinikamata na kifundo cha chumvi pembeni mwa kanga.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwenye majani, mama."

"Majani yanakula chumvi kabla ya baba yako?"

Mimi nilichapwa, baba akanitetea. Alisema ngitili yenye chumvi hajawahi kuiona tangu azaliwe, na kwamba mwalimu huyu ni wa kuogopwa. Ng'ombe na chumvi, mnajua wenyewe. Watu wa kwetu hutembea siku nzima kutafuta ardhi ya magadi ili mifugo irambe. Rafiki yangu Tatu, ambaye baba yake alileta dagaa kutoka ziwani Kapalamsenga, hakuwa na chumvi ya kuiba, akaleta makapi ya chini ya gunia la dagaa, chumvi na magamba na vichwa pamoja. Kipande chake kikanuka ziwa mpaka paka wa mwalimu akahamia pale. Sisi wengine tulijaribu kutafuna majani yale kujua kama chumvi imefika. Ilikuwa imefika.

Na majani yakapona. Sasa kwa akili zangu za kidato cha tatu, za baiolojia na Kiingereza cha kuokoteza, najua yaliponywa na madumu yetu. Lakini Pangani alisema ni chumvi, na Pangani alikuwa na fimbo. Ilipofika mwezi wa kumi, Magamba yote ilikuwa rangi ya kikapu kikuukuu, miti imebaki mifupa, na katikati yake mraba mmoja wa kijani unaong'aa kiasi cha kuumiza macho. Ng'ombe waliokuwa wakipita kwenda mtoni walisimama barabarani, shingo zimegeuka, mate yanadondoka. Wachungaji iliwabidi wawapige kuwaondoa. Pangani aliona ng'ombe wanamshangilia.

Kisha akatangaza mgeni. Mkaguzi kutoka mkoani, Sumbawanga, anakuja Jumatano. Tukafundishwa wimbo. Tukafua. Kuta zikapakwa chokaa mpaka usawa wa mikono ya darasa la saba. "Atakapofika," Pangani alisema, "jambo la kwanza macho yake yatalala juu ya zulia."

Jumatatu ile ndama wa kwanza alianguka Litapunga. Jumanne jioni baba aliwaswaga wote mpaka nyumbani, ndama sita na ng'ombe mmoja mkongwe jina lake Mwanamalundi wa Kike, jina la yule mtu wa miujiza wa Kisukuma, alilopewa na kaka kwa kejeli kwa sababu kila mwaka alitarajiwa kufa na hakufa. Mbavu zao ungezihesabu ukiwa barabarani. Baba akala. Halafu akasema, "Kiangazi kimekaza. Kesho tunafungua."

Sikulala. Ningeweza kusema ukweli pale pale. Nilifungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili nikaona kikapu chenye gauni la pili kimening'inia ukutani. Nikaufunga. Nikajiambia, pengine mgeni hatakuja, pengine ndama wataugua miguu, pengine dunia itaisha. Sala zangu zote zilikuwa za namna hiyo, na Mungu hakushughulika na hata moja.

Jumatano saa tatu tulikuwa darasani tukijifanya tunasoma. Pangani alikuwa amepanda baiskeli kwenda kumlaki mgeni barabara kuu. Nikasikia kengele, lakini si ya rimu. Ya shingoni. Watoto wote wakageukia dirishani.

Baba hakuja kama mwizi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alikuja kama mtu anayeingia kanisani. Alivaa koti lake la harusi. Alisimama ofisini akabisha hodi, akamkuta mwalimu wa zamu, kijana mmoja aliyekuwa akipiga pasi suruali yake ya kumpokelea mgeni rasmi. Baba akamsalimia akasema kwa Kiswahili chake, "Mimi baba Kabula. Nakuja fungua." Mwalimu wa zamu akadhani anazungumzia mlango wa stoo. "Haya mzee, fungua tu."

Baba akafungua kamba ya katani fundo moja moja. Hakuikata. Akaikunja vizuri, akaitundika kwenye kijiti chenye jina langu. Kisha akawapitisha ndama mmoja mmoja, mdogo kwanza, mkongwe mwisho, kama ilivyo desturi. Na ndama wale walipoonja ile chumvi ya miezi mitatu, jamani! Sijawahi kuona kiumbe akifurahi namna ile hata kwenye sherehe za mavuno. Walikula na mikia imesimama. Mwanamalundi wa Kike alilala kabisa akawa anakula akiwa amelala, kama bibi harusi anayelishwa. Kipande cha Tatu, kile cha dagaa, walikirukia wawili wawili.

Pangani alirudi akiwa mbele, gari la mgeni likiwa nyuma kidogo na vumbi lake. Alituona sisi madirishani kwanza. Akatabasamu. Halafu akaona. Baiskeli iliendelea peke yake hatua kadhaa.

"Nyasi zangu!" Sauti ilitoka nyembamba kama ya filimbi. "Ewe mzee! Toa wanyama wako! Toa!"

Baba akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mwalimu, asante. Inakula vizuri. Wewe mtu mkubwa sana."

"Inakula? Nani karuhusu ziliwe? Hizi si za kulisha!"

"Si za kulisha?" Baba hakukasirika. Alidhani hajaelewa lugha. "Ya nini sasa?"

"Za kupendezesha, mzee! Za kutazama!"

"Kutazama."

"Ndiyo! Kutazama!"

Baba alitazama. Kwa kweli alijaribu. Alitazama majani, akatazama ofisi, akatazama majani tena, kutafuta ni kitu gani cha kutazamwa. Kisha akageuka, akanitafuta dirishani, akanipata. Akaniita kwa mkono. Nikatoka.

"Kabula," akasema kwa Kisukuma, polepole. "Mwezi wa tano uliniambia nini?"

Nikatazama kijiti chenye jina langu, kamba imetundikwa juu yake.

"Ndama mmoja nimemzika juzi. Ningewapeleka mtoni kwa watu wa bondeni mapema, wangenipokea. Niliwaambia nina ngitili shuleni. Nilijivuna." Akavuta pumzi. "Chukua daftari zako."

Na Pangani, bila kuelewa neno hata moja, akamalizia kwa Kiswahili, "Naye mtoto huyu aende, asirudi! Leo leo!" Watu wawili wasioelewana kwa lolote duniani wakawa wamekubaliana juu yangu. Ndipo mlango wa gari ukafunguka.

Mkaguzi alikuwa mtu mnene mwenye koti la mifuko minne na uso wa mtu aliyetembelea shule nyingi na kuimbiwa wimbo ule ule. Akasimama. Akaondoa miwani. Macho yake yakalala juu ya zulia, kama Pangani alivyotabiri.

"Mwalimu Mkuu," akasema, "nimezunguka wilaya nzima. Kila shule nauliza mradi wa elimu ya kujitegemea uko wapi, naonyeshwa kuku wawili, mmoja wa kuazima. Hawa ndama ni wa nani?"

Kabla Pangani hajafungua mdomo, nikamtangulia. Sijui nilipata wapi sauti. Nadhani ni kikapu.

"Shikamoo. Ni wa shule. Ni mradi wetu. Tunapanda majani ya kiangazi, tunamwagilia, kila mtu na kipande chake. Tunafungua wakati wa njaa tu. Ndama na wagonjwa peke yao."

"Marahaba. Wa shule?" Mkaguzi akang'aa uso.

"Wa shule?" Hiyo ilikuwa sauti ya baba. Neno hilo alilielewa vizuri sana. Mnaweza kumwambia Msukuma nyumba yake si yake, akacheka. Ndama zake? Alishika fimbo upya. Nikamgeukia, nikamwambia kwa Kisukuma haraka haraka, sauti ya chini, "Baba, huyu ni mkubwa wa shule zote. Ukisema ndama ni wako, majani yanafungwa leo na mimi nafukuzwa. Ukinyamaza, wanakula mpaka mvua. Amua wewe."

Baba akatazama mbavu za Mwanamalundi wa Kike. Akamtazama Pangani, ambaye jasho lilikuwa limeshatoboa shati lililonyooka. Akanitazama mimi muda mrefu kuliko wote. Kisha akamgeukia mkaguzi, akavua kofia, akasema kwa Kiswahili chake chote:

"Ndiyo. Ya shule. Lakini kulala, inalala kwangu."

Mkaguzi alicheka mpaka akashika bega la Pangani. Akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa, mzazi na shule bega kwa bega. Akaandika kwenye kitabu chake kurasa mbili. Akasema mwakani kiangazi kama hiki ataleta walimu wa shule nyingine waje kujifunza. Wimbo wetu hakuusikiliza hata ubeti mmoja, na tulikuwa tumeufanyia mazoezi wiki mbili. Pangani alisema tu, "Ndiyo mheshimiwa. Ndiyo. Kwetu Pangani pia hufanya hivi." Mwongo mkubwa kuliko mimi.

Gari lilipoondoka, tukabaki watu watatu na ng'ombe saba. Hakuna aliyeweza kumfukuza mwenzake. Pangani hakuweza kumfukuza baba, maana bila baba hakuna mradi. Baba hakuweza kunitoa shule, maana bila mimi hakuna majani. Na mimi sikuweza kwenda popote, maana mkaguzi alikuwa ameandika jina langu kama msimamizi. Hivyo ndivyo nilivyosoma, wenzangu, mpaka darasa la saba, na ndivyo nilivyopata cheti kilichonileta kukaa nanyi kwenye madawati haya yenye misumari. Wengine mmefika kwa akili. Mimi nimefika kwa ndama.

Adhabu nilipata. Pangani alinifanya nisambaze samadi kwa mikono kwenye zulia lote mwezi mzima. Baba hakunipiga. Alikaa siku nne bila kusema nami, na siku ya tano, akinoa panga, akasema, "Uongo wako wa kwanza uliniulia ndama. Wa pili umeokoa sita. Usinifanye nihesabu tena." Hakuna kiboko nilichopewa na shule yoyote kilichowahi kuuma kama hiyo hesabu.

Lakini mvua ziliporudi, yale majani yaliyoliwa mpaka mzizi yalirudi kwa hasira. Kwato zilikuwa zimezikandamiza pingili ardhini, samadi ikazilisha, na kufikia mwezi wa pili hukuweza kuona udongo. Pangani alizunguka mikono mgongoni akiona aibu ya kufurahi. Ijumaa ya chumvi ikafutwa kimya kimya. Mama alipika mlenda wenye ladha na kuuonja mara tatu.

Pangani alihamishwa nilipokuwa darasa la saba. Kabla ya kupanda treni alikuja kwetu kuaga, na baba akampeleka nyuma ya zizi. Pale palikuwa na kiwanja kikubwa mara tatu ya kile cha shule, kijani, majani mapana mafupi yanayotambaa, kimezungushiwa miiba. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikirudi nyumbani na pingili mfukoni. Pangani alisimama akaviangalia viatu vyake. Kisha akavivua, na soksi akazivua. Yeye aliyetuchapa kwa kukanyaga, akafungua miiba, akaingia pekupeku kati ya ndama, akasimama pale amefumba macho, vidole vya miguu vikicheza kwenye majani ya kwao. Baba alimwacha. Akaninong'oneza mimi tu: "Kumbe mwenye hamu alikuwa yeye."

Juzi nilipita shule yetu ile ya msingi. Kuna Mwalimu Mkuu mwingine, mtu wa mipango. Zulia lipo, ameliwekea waya wenye miiba na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu USIKANYAGE MAJANI. Bomba linamwagilia lenyewe. Wadogo zetu wa darasa la nne wanapita pembeni ya waya wakiwa wameshika madaftari yenye picha za wacheza mpira, na nilipomuuliza mmoja majani haya ni ya nini, akaniangalia kama bibi kizee.

"Ya kutazama, dada."

Nikamuuliza kama amewahi kuyaonja. Akakimbia kumwambia mwalimu. Wana maji, wana waya, wana kibao, na hakuna hata mmoja mwenye kijiti cha jina. Na mwezi huu ni wa kumi. Nikiwa bado pale, baba akapita na ndama wake wakielekea mtoni, akasimama barabarani, akanyoosha fimbo kuelekea yale majani ya kijani ambayo hakuna anayeyala, akaniuliza:

"Hawa, ngitili yao wataifungua lini?"